Mbio za Kumkumbuka Aliyetusahau

Ndugu msomaji, hebu tuanze na jambo la nyumbani. Bibi yako, yule aliyekubeba mgongoni mama alipokwenda shamba, yule aliyekuwa akikutania kwa kukuita mume wake kama u mvulana, au mke mwenzake kama u msichana, anakutazama usoni asubuhi moja, anatabasamu kwa adabu, kisha anakuuliza: "Karibu mgeni. Wewe ni mtoto wa nani?"

Utamjibu nini?

Wengi wetu hucheka kwanza, tukidhani kuwa ni utani ule ule wa siku zote. Siku ya pili hatucheki tena. Siku ya tatu twaanza kunong'onezana jikoni. Na siku bibi atakapochukua kikapu chake wakati wa magharibi, akafunga kanga kiunoni na kusema kwamba anarudi kwao, ilhali yumo ndani ya nyumba aliyoishi miaka 50, hapo ndipo tunapotambua kwamba kuna jambo limeingia nyumbani, nasi hatulijui jina lake.

Chukua mfano wa nyumba yoyote ya Sofu, kata iliyomo katika Mji wa Kibaha, Mkoa wa Pwani. Jua limekwisha kuzama. Vijana wanatoka na tochi, wanaita jina la bibi chini ya mikorosho na minazi. Binti aliyeachiwa kazi ya kumwangalia analia, kwa kuwa alikwenda kisimani mara moja tu. Jirani mmoja anasema, "Mnamwachaje mtu mzima atangetange usiku?" Jirani mwingine anasema neno baya zaidi, lakini analisema kwa sauti ya chini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi.

Makala haya yanahusu mzigo huo, na njia moja ya kuupunguza ambayo pengine hukuifikiria: kukimbia. Yanahusu mbio za hisani zinazofanywa na wajukuu kwa kumbukumbu ya babu na bibi waliofariki wakiwa wamewasahau wajukuu hao.

SI UZEE, WALA SI UCHAWI

Waganga wa hospitali huliita jambo hilo dimensia. Si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali inayoletwa na magonjwa kadhaa yanayoharibu ubongo hatua kwa hatua, hata mtu akapoteza kumbukumbu, akashindwa kupima mambo, akachanganya usiku na mchana, na mwisho akahitaji kulishwa na kuogeshwa kama mtoto. Ugonjwa ulio mkubwa kati ya hayo ni ule wa Alzheimer. Jina hilo ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwezi Novemba 1906 aliwaeleza wenzake habari za mgonjwa mwanamke aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na ambaye ubongo wake, baada ya kufa, ulionekana kuwa na kasoro za pekee. Dimensia nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hiyo huandamana sana na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 ulimwenguni walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Hapa hapa Tanzania, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita katika vijiji sita na kuwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, baada ya umri kuzingatiwa, watu 6 hivi katika kila wazee 100 walikuwa na dimensia. Wengi wao walikuwa majumbani mwao, wakitunzwa na jamaa waliodhani kwamba huo ni uzee tu.

Uzee ni kusahau ulipoweka miwani. Dimensia ni kuishika miwani mkononi na kutojua kazi yake. Mzee wa kawaida husahau jina la mtu, kisha likamjia baada ya kitambo. Mwenye dimensia husahau kwamba mtu huyo aliwahi kuwapo.

Kutojua tofauti hiyo si kosa dogo, ndugu msomaji. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mtu anayetembea usiku, anayezungumza na watu wasioonekana, anayeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake, na asiyeweza kujieleza akiulizwa, ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa kabla hajafikishwa mbele ya yeyote. Hata pale ambapo hapana aliyeinua panga, neno "mchawi" latosha kumfungia bibi chumbani mpaka afe. Ujinga wetu ndio uliotia komeo mlango huo.

KWA NINI KUKIMBIA?

Taifa letu lina uhusiano wa zamani na mbio. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda, na zaidi ya saa moja ilikuwa imepita, Akhwari alipoingia uwanjani huku mguu umefungwa bendeji, akichechemea, akamaliza. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishika uongozi tangu mwanzo wa mita 1,500 na hakuuachia mpaka akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Shule zenye jina lake zipo hapa Kibaha. Na mwezi Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti iliyobidi ithibitishwe kwa picha.

Kati ya hao watatu, anayefanana zaidi na mtu anayemuuguza mzee mwenye dimensia ni Akhwari. Uuguzi huo hauna medali. Hauna rekodi. Ni mbio ndefu ambazo watazamaji wamekwisha kwenda zao, taa zimewaka, na mkimbiaji hana sababu ya kuendelea isipokuwa kwamba alizianza na hana budi kuzimaliza.

Desturi ya kukimbia kwa ajili ya kuchangisha fedha nayo si ngeni. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekuwa amekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia kwa siku 143, akapita kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomrudia na kumsimamisha. Alifariki mwaka 1981, lakini watu wangali wakikimbia kwa jina lake kila mwaka. Mwezi Mei 1986 mkimbiaji wa Sudan, Omar Khalifa, alibeba mwenge mpaka New York, na mamilioni ya watu katika nchi nyingi wakakimbia siku moja kwa ajili ya waliokumbwa na njaa barani Afrika.

Kwa upande wa dimensia, Waingereza wamefika mbali. Katika Marathoni ya London ya mwaka 2019, vyama viwili vinavyohusika na ugonjwa huo viliungana, na wakimbiaji wao wakachangisha zaidi ya pauni milioni 4. Wengi walivaa fulana zenye majina ya wazazi na mababu zao. Huko Marekani, matembezi ya namna hiyo yalianza mwaka 1989.

Hapa kwetu, mbio za hisani zimekwisha kuota mizizi. Mbio za CRDB zilizoanza mwaka 2020 zimechangia matibabu ya moyo kwa watoto. Mbio za NBC za Dodoma zimechangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Moyo wa mtoto na uhai wa mama vimepata watu wa kuvikimbilia. Je, akili ya bibi nayo isikimbiliwe?

SWALI LA MWENYE MASHAKA

Najua, ndugu msomaji, kwamba yupo atakayeliweka gazeti chini na kusema: "Mtoto hana dawati, zahanati haina dawa za kutosha, nasi tukachangie watu ambao hata wakitibiwa hawaponi?"

Swali hilo ni la haki na lastahili jibu la haki. Ni kweli kwamba dimensia nyingi hazina tiba ya kuziondoa. Dawa mpya iliyoruhusiwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 hupunguza kasi tu kwa walio katika hatua za mwanzo, na bei yake ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 26,000 kwa mwaka. Hatuwezi kuikimbilia dawa hiyo kutoka Sofu.

Lakini tazama ni nani anayembeba mzee nyumbani. Aghalabu ni binti, mkwe au mjukuu wa kike. Ndiye anayeacha biashara yake ya maandazi ili asitoke nyumbani. Ndiye anayekosa shule siku bibi asipolala usiku kucha. Basi anayemsaidia bibi amemsaidia na mtoto huyo. Hawa si watu wawili wanaogombea sahani moja. Ni nyumba moja.

Aidha, si kila kuchanganyikiwa ni dimensia. Mzee aliyebadilika ghafla, kwa siku mbili au tatu, huenda ana malaria, homa ya mapafu, au maambukizo katika njia ya mkojo. Mwingine ana sonona baada ya kufiwa. Mwingine tezi yake haifanyi kazi vema, au mwili umepungukiwa vitamini. Hao wanaweza kutibiwa wakarudi katika hali yao. Mzee wa namna hiyo akifungiwa ndani kwa kudhaniwa kuwa ameishiwa akili au amerogwa, tumempoteza bure.

FEDHA ZIFANYE NINI?

Turudi Hai, maana huko limefanyika jambo la kutupa moyo. Wataalamu waliwakusanya wazee wenye dimensia katika vikundi vidogo na kuwafanyia vikao 14 vya kuamsha akili: mazungumzo, nyimbo, methali, michezo, kutambua vitu vya maisha yao ya kila siku. Haikuwa dawa ya kununua. Wazee walionyesha maendeleo ya akili, na wasiwasi wao ukapungua. Watafiti wa huko pia walitengeneza kipimo kinachomfaa mzee ambaye hakusoma. Hatakiwi kuandika wala kuchora. Huulizwa maswali, hutajiwa maneno na kuombwa ayakumbuke baadaye, hutaja wanyama awajuao, na hupanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano. Mhudumu wa afya aliyefundishwa anaweza kufanya hivyo juu ya mkeka, barazani.

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu. Watu 100 wa Sofu na jirani zao wanakubali kukimbia au kutembea kilomita 5. Kila mmoja anatafuta wadhamini watano, na kila mdhamini anaahidi shilingi 500 kwa kila kilomita. Mdhamini mmoja atatoa shilingi 2,500. Mkimbiaji mmoja ataleta shilingi 12,500. Wote kwa jumla wataleta shilingi 1,250,000. Ukizigawa fedha hizo kwa vikao 14, kila kikao kitapata takriban shilingi 89,000: nauli ya bajaji kwa wazee wasioweza kutembea, chai na mihogo, na posho ya mwongozaji. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala tusiseme kwamba hatujui kuchanga. Kadi za michango ya harusi hutufikia kila mwezi. Mtu akifa, rambirambi hutolewa siku hiyo hiyo, na hitima ya arobaini haikosi mchele. Lililo gumu kwetu ni kumchangia aliye hai bado, ambaye hatatushukuru kwa sababu hatutambui. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

NAMNA YA KUANDAA

Ukiwa umeshawishika, zingatia mambo haya machache.

Kwanza, anza na ofisi ya serikali ya mtaa na ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kisichojulikana hakina haki ya kukusanya fedha za watu. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, na mmoja wao awe mtu anayemuuguza mzee nyumbani, maana huyo hatakubali fedha zipotee.

Pili, chagueni njia yenye usalama. Barabara Kuu ya Morogoro ina malori mchana na usiku. Si mahali pa watoto na wazee kukimbia bila ulinzi wa polisi. Barabara za ndani, asubuhi na mapema kabla jua la Pwani halijapanda, zafaa zaidi. Pawepo maji, na pawepo mtu wa huduma ya kwanza.

Tatu, kila mkimbiaji avae jina. Liandikwe kwenye kitambaa na kubandikwa kifuani: "Kwa ajili ya Bibi" au "Kwa ajili ya Babu", na jina lake. Aliyesahau kila kitu apate angalau asubuhi moja ambayo jina lake linapita mtaani kifuani mwa mjukuu.

Nne, pale mbio zinapoishia, wekeni meza ya kupima shinikizo la damu na kisukari, kwa msaada wa wahudumu wa zahanati. Hili si pambo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, ulevi, uziwi usiosaidiwa, upweke, na kutoufanyisha mwili mazoezi. Likasema kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya dimensia zingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Shirika la Afya Duniani nalo linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki. Kwa hiyo anayekimbia kwa ajili ya bibi yake anaulinda pia ubongo wake mwenyewe.

Tano, someni hesabu hadharani. Fedha zilizoingia, zilizotoka, na zilizobaki, zisomwe mbele ya watu wale wale waliozitoa, kabla ya miezi mitatu kupita. Mbio za mwaka wa kwanza huendeshwa na huruma. Za mwaka wa pili huendeshwa na uaminifu.

ANGALI HAI

Mwezi Septemba ndio mwezi uliotengwa duniani kwa ajili ya ugonjwa wa Alzheimer, na tarehe 21 ndiyo siku yake. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee. Siku yoyote kati ya hizo yafaa kwa mbio za Sofu. Lakini kama bibi yako yu hai, usingoje Septemba.

Akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, usimgombeze wala usimtahini. Usimwambie, "Bibi, jana tu nilikuambia!" Jana hana. Mtajie jina lako na la mama yako, polepole, kama mgeni anavyojitambulisha, hata kama ni mara ya kumi siku hiyo. Akisema anataka kwenda kwao, usibishane naye mlangoni. Mwulize kwao kuna nini. Mwache akusimulie habari za mto, za mashamba ya mpunga, za dada aliyekwisha kufa. Mara nyingi anachokitafuta si nyumba, bali ni wakati aliojiona salama. Tembea naye kidogo, kisha rudini pamoja. Waambie majirani na mwenyekiti wa mtaa ukweli wa ugonjwa wake, ili siku akipotea wamrudishe badala ya kumkimbia. Na yule binti anayekesha naye, mpe usiku mmoja wa kulala.

Kama bibi amekwisha kutangulia, na ukalala na uchungu kwamba ulimfokea siku ile alipoita jina la mtu mwingine badala ya lako, basi jua kwamba huko peke yako. Uchungu huo hauondoki kwa kulia tu. Funga kamba za viatu. Toka alfajiri, jogoo wakiwika, upite njia ile ile aliyokuwa akipotelea, safari hii kukiwa na watu mia nyuma yako na kila mmoja ana jina kifuani.

Huna haja ya kuwa wa kwanza. Akhwari hakuwa wa kwanza. Maliza tu, kisha nenda kasome hesabu mbele ya watu.